Partisheni ya Rikavari ni Mali ya Mteja

Barua ya wazi kwa mafundi wa kompyuta wa Jiji la Arusha na Wilaya ya Arumeru

Ndugu zangu mafundi,

Yah: Kutunza partisheni ya rikavari mnapopiga Windows

Nawaandikia nyinyi mnaofanya kazi kwenye maduka na vibanda vya katikati ya jiji, na nyinyi wa Sakina, Kijenge, Ngaramtoni, Tengeru na Usa River. Ninafundisha kompyuta katika shule ya sekondari upande wa Meru, na mashine za shule yetu, za walimu wenzangu na za wazazi wa wanafunzi wetu hupita mikononi mwenu. Najua mnachokifanya. Mnabadilisha vioo, kibodi na betri za mashine ambazo watengenezaji wake walishaacha kuziuza, tena kwa bei ambayo mwalimu anaimudu. Bila kazi yenu maabara nyingi za kompyuta za mkoa huu zingekuwa stoo za vyuma. Nawaheshimu, na kwa heshima hiyo hiyo ninaomba jambo moja libadilike katika kazi mnayoletewa kila siku, yaani kupiga Windows.

Ombi lenyewe ni hili: msifute partisheni ya rikavari kabla hamjajua ina nini, hamjaitolea nakala na hamjamwambia mwenye mashine. Na pale penye sababu ya kweli ya kuifuta, ijengwe nyingine kabla mashine haijatoka dukani. Partisheni ile ni mali ya mteja. Aliinunua pamoja na kompyuta, hata kama hajui kuwa ipo.

Nimeona niandike sasa kwa sababu diski nyingi za Arusha zinafunguliwa na kugawanywa upya. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na watumiaji binafsi wakapewa nafasi ya kuomba nyongeza ya ulinzi hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Windows 11 nayo ina masharti: inataka TPM 2.0, inataka Secure Boot, na kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache sana. Sasa angalieni mashine zinazoletwa mezani kwenu. Nyingi ni EliteBook, Latitude na ThinkPad za mtumba ambazo vizazi vyake ni vya chini ya hapo. Mteja mmoja atataka alazimishiwe Windows 11, mwingine atataka Windows 10 ipigwe upya, mwingine atashauriwa Linux. Njia yoyote atakayoichagua, fundi atafika kwenye ukurasa ule ule unaouliza mfumo ukae kwenye partisheni ipi.

Ukurasa huo mnaujua kuliko mimi. Kuna partisheni ya megabaiti 100 hivi, kuna ya megabaiti 16, kuna kubwa yenye mafaili ya mteja, kisha kuna moja au mbili zilizoandikwa Recovery. Foleni ni ndefu na mteja amesimama anaangalia saa. Njia fupi ni kufuta zote moja baada ya nyingine mpaka diski nzima ibaki nafasi tupu, kisha kubonyeza kitufe cha kuendelea. Muda si mrefu Windows mpya imekaa, mashine imekuwa nyepesi, mteja anashukuru, analipa na kuondoka. Hakuna aliyemwambia kwamba ameondoka na pungufu.

Amepungukiwa nini? Hapo inabidi tutenganishe partisheni za aina mbili, maana hukaa kwenye diski moja na mara nyingi hufutwa kwa pamoja.

Ya kwanza ni ya mtengenezaji. HP, Dell, Lenovo, Acer, Asus na wenzao kwa miaka mingi wamekuwa wakiweka kwenye diski nakala ya mfumo jinsi ulivyotoka kiwandani, pamoja na draiva zake zote. Huchukua gigabaiti kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi. Kwenye HP mteja hubonyeza F11 wakati mashine inawaka, kwenye Acer ni Alt pamoja na F10, kwenye Asus ni F9, na Lenovo nyingi zina kitundu kidogo pembeni cha kubonyezwa kwa pini. Kompyuta hurudi kama ilivyokuwa siku ya kwanza, bila intaneti na bila flashi. Partisheni hiyo ikifutwa, programu ya kupiga Windows haiijengi tena. Kuipata upya ni kuingia kwenye huduma ya mtengenezaji, kuandika namba ya mashine na kushusha gigabaiti kadhaa, kama mtengenezaji bado anazitoa kwa modeli hiyo.

Ya pili ni ya Windows yenyewe. Hii ni ndogo, megabaiti mia kadhaa hadi gigabaiti moja hivi. Ndani yake kuna faili linaloitwa winre.wim, ambalo ni mfumo mdogo kamili unaowaka peke yake. Windows ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, mashine huingia humo yenyewe na kuleta ukurasa wa bluu wenye huduma za kutengeneza uwakaji, kuondoa sasisho lililoharibu mambo, kurudisha mfumo kwenye hali ya siku za nyuma, kuingia hali salama, kuandika amri, au kuweka Windows upya huku mafaili ya mteja yakibaki. Kwa mtu aliye mbali na fundi, huo ndio ufundi wa kwanza anaoweza kuufanya mwenyewe.

Najua fundi makini atanijibu hapa kwamba ukifuta zote na kuiachia programu ya Windows igawe diski yenyewe, hii ndogo hujengwa upya. Ni kweli. Lakini si kila kazi hufanywa hivyo. Wapo wanaogawa diski kwa mkono ili kupata C na D. Wapo wanaomwaga nakala ya C iliyokwisha kutayarishwa ili kuokoa muda. Wapo wanaohamisha C peke yake kutoka diski ya zamani kwenda SSD. Na wapo wanaokuta partisheni ya rikavari imekaa katikati ya C na nafasi mpya ya SSD kubwa, wakaifuta ili C ipanuke. Katika kazi zote hizi mashine inaweza kurudi kwa mwenyewe ikiwa haina rikavari kabisa, na hakuna dalili yoyote itakayomwonyesha mpaka siku atakapoihitaji.

Siku hiyo kwa mkazi wa Kaloleni si msiba. Atavuka barabara mbili na kurudi dukani kwako. Kwa mwalimu wa Ngarenanyuki, nyuma ya mlima, hesabu ni nyingine. Atasubiri gari, atateremka kupitia barabara ya Momella hadi Usa River, atapanda gari jingine hadi mjini, atakuta foleni, na pengine ataambiwa arudi kesho. Nauli ya kwenda na kurudi na siku ya kazi iliyopotea vinaweza kuzidi bei ya kupiga Windows. Na kama mitihani ya muhula ilikuwa kwenye mashine hiyo, darasa zima litasubiri. Windows ina huduma ya kujiweka upya kwa kushusha mafaili kutoka intaneti, lakini inaweza kutumia zaidi ya gigabaiti nne. Mwambieni mwalimu anunue bando la kiasi hicho kwa ajili ya jambo ambalo diski yake mwenyewe ingelifanya bure, tena ajaribu kulishusha mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka.

Mjini nako yapo yenye uzito wake. Arusha inaishi kwa utalii. Ofisi ndogo ya safari yenye kompyuta mbili, mwezi wa saba au wa nane, ina orodha za wageni, malipo ya hifadhi na nakala za pasipoti ndani ya mashine hizo. Ikigoma asubuhi wageni wakiwa wameshatua Kilimanjaro, mwenye ofisi hana saa sita za kusubiri. Anachohitaji ni kuingia kwenye rikavari, kuondoa sasisho la jana na kuendelea na kazi.

Dunia nzima ilipata somo hilo tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye kasoro, na kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 za Windows zikaacha kuwaka. Ndege zilibaki chini, hospitali ziliahirisha huduma, benki zilisimama. Mashine nyingi ziliponywa kwa mkono, moja moja: mtu aliingia rikavari, akaenda hali salama au kwenye ukurasa wa amri, akafuta faili moja bovu, akaiwasha tena. Mashine iliyokuwa na rikavari nzima ilihitaji dakika chache za mtu mwenye maelekezo. Isiyokuwa nayo ilibidi itafutiwe kwanza flashi ya kuiwashia.

Nisieleweke kwamba kila partisheni yenye jina la Recovery ni ya kuabudiwa. Kuitunza ni pamoja na kujua ipi iko hai na ipi imekufa. Nyote mmeshaona diski yenye partisheni za namna hiyo mbili au tatu, mabaki ya Windows zilizopigwa juu ya nyingine. Kabla ya kugusa chochote, fungua ukurasa wa amri kama msimamizi na uandike reagentc /info. Jibu litakuambia kama rikavari imewashwa, na iko kwenye diski ya ngapi, partisheni ya ngapi. Hiyo iliyotajwa ndiyo hai. Nyingine zichunguzwe: pengine mojawapo ni ya mtengenezaji, pengine ni mabaki yasiyo na kazi ambayo mteja akikubali yanaweza kuondolewa. Kazi hiyo ni ya dakika moja, na ndiyo inayomtofautisha anayejua na anayebahatisha.

Ikibidi kuisogeza partisheni hai, mpangilio wa kazi una maana kubwa. Anza na reagentc /disable. Amri hiyo hulirudisha faili la winre.wim ndani ya C, kwenye folda ya Windows\System32\Recovery. Hakikisha limefika. Hapo ndipo uingie diskpart, ufute partisheni ya zamani, upanue C huku ukibakiza nafasi mwishoni, na ujenge nyingine kwenye nafasi hiyo. Fundi anayefuta kwanza hulipoteza faili lenyewe, na amri ya kuwasha rikavari itamkatalia. Hata hapo dawa ipo: faili hilo limo ndani ya install.wim kwenye flashi ile ile ya kupigia Windows, na linaweza kuchomolewa likarudishwa. Lakini wangapi hufika huko wakati mteja wa pili ameshakaa kwenye kiti?

Partisheni mpya nayo ipewe alama zake. Kwenye diski ya GPT aina yake ni de94bba4-06d1-4d40-a16a-bfd50179d6ac na sifa yake ni 0x8000000000000001. Kwenye diski ya MBR aina ni namba 27. Ukiiacha bila alama hizo, Windows inaweza kuipa herufi kama diski ya kawaida, na mteja ataanza kuona onyo kwamba diski imejaa, au ataingiza humo picha za harusi. Mwisho andika reagentc /enable, kisha reagentc /info tena, usome kwa macho yako kwamba imewashwa.

Mahali pake ni mara baada ya C, mwishoni. Windows 10 za mwanzo ziliiweka mbele kabisa ya diski, na kilichotokea Januari 2024 kilionyesha ubaya wake. Microsoft ilitoa sasisho KB5034441 la kuziba tundu la usalama ndani ya rikavari, tundu ambalo lingemruhusu aliyeishika mashine mkononi kuupita ulinzi wa BitLocker. Sasisho lilihitaji megabaiti 250 za nafasi tupu ndani ya partisheni hiyo. Kwenye mashine nyingi nafasi haikuwepo, na watu wakapata kosa 0x80070643 kila wakati wa kusasisha, wakadhani Windows nzima imeharibika. Tiba iliyotolewa ilikuwa ya mkono: kuipunguza C kidogo na kuijenga upya partisheni ya rikavari ikiwa kubwa zaidi, na nafasi inayotoka C hutokea baada yake, si mbele ya diski. Kwa hiyo mnapoijenga msiibane. Ipeni gigabaiti moja, na masasisho yajayo yatakuta nafasi.

Nimesikia hoja kwamba partisheni hizi zinakula nafasi. Kwenye SSD ya gigabaiti 128, partisheni ya mtengenezaji ya gigabaiti 20 ni mzigo kweli, sikatai. Lakini mkulima wa Meru hata ghala lijae vipi haanzi kupunguza kwa kula mbegu. Huihamishia darini juu ya moshi. Nanyi ihamisheni. Inakilini kwenye flashi au diski ya nje, mkabidhini mteja, kisha ondoeni. Mashine za Windows 8 zilikuwa na chombo chao cha kuihamisha partisheni hiyo yote kwenye flashi. Windows 10 na 11 zina chombo cha kutengeneza flashi ya rikavari, kinachotaka flashi ya gigabaiti 16 au zaidi. Na kama partisheni ya mtengenezaji ina Windows 8 ambayo mteja hatairudia kamwe, mwelezeni hivyo, chukueni draiva mnazozihitaji, akikubali futeni. Uamuzi uwe wake.

Hoja ya pili ni virusi: kwamba kufuta kila kitu ndiyo njia ya uhakika. Mashine iliyoshambuliwa vibaya inastahili kufutwa yote, na hapo niko upande wenu. Baada ya kufuta, rikavari safi ijengwe kutoka kwenye nakala safi ya Windows. Usafi wa diski si sababu ya kumwacha mteja mikono mitupu.

Lakini uhakika huo wa usafi unapotea pale Windows mpya inapowashwa kwa programu za wizi. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, watengenezaji wengi huandika ufunguo wa Windows ndani ya mamaboodi yenyewe. Kufuta diski hakuufuti. Ukipiga toleo lile lile ambalo mashine ilikuja nalo, Windows huusoma ufunguo huo na kujisajili ikipata intaneti, bila hila na bila gharama. Tatizo huanza fundi anapopiga Pro kwenye mashine yenye ufunguo wa Home. Windows inadai ufunguo, fundi anazima ulinzi wa virusi ili programu ya kuvunja kufuli ifanye kazi, na mteja aliyelipia Windows halali tangu dukani anaondoka na ya wizi. Mlango wa virusi umefunguliwa na mtu aliyelipwa kuvifukuza. Kabla ya kupiga, angalieni mashine ilikuja na toleo gani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, lakini ninawaomba kwa sababu iliyo karibu zaidi: mteja tayari ana haki yake ndani ya mashine, na kumnyima ni kumpunja.

Jambo jingine linalohusu rikavari moja kwa moja ni usimbaji wa diski. Tangu toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka Oktoba 2024, mashine nyingi zinazopigwa upya na kuingizwa kwa akaunti ya Microsoft husimbwa zenyewe. Ufunguo wa kuifungulia diski hiyo una tarakimu 48 na hutunzwa kwenye akaunti iliyotumika kuiwasha mashine. Siku mipangilio ya BIOS ikiguswa au chipu ya TPM ikifutwa, mashine huomba tarakimu hizo, na rikavari nayo huziomba kabla ya kugusa mafaili. Sasa fikirini mazoea ya kumwashia mteja mashine kwa barua pepe ya fundi kwa sababu yeye hana au amesahau yake. Ufunguo wa maisha ya kazi ya mama mwenye duka la vifaa Kilombero unakaa kwenye akaunti ya fundi aliyehamia Mwanza. Akikwama, hakuna fundi mwingine Arusha atakayemfungulia. Hakuna mahali pengine pa kuupata.

Mtengenezeeni mteja akaunti yake, kwa namba yake ya simu, mkiwa naye. Mwonyesheni ufunguo ulipo na auandike mwenyewe kwenye daftari lake, si kwenye daftari la duka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka kila anayeshika taarifa za watu azilinde, na fundi anayebaki na ufunguo wa diski ya mtu ameshika taarifa zote za mtu huyo. Na kabla hamjagusa BIOS ya mashine iliyosimbwa, mwulizeni kwanza kama ufunguo anao.

Wanafunzi wa vyuo, mnaokuja Njiro, Tengeru na kwenye Chuo cha Ufundi Arusha na mkawa mafundi wa mabweni, barua hii ni yenu pia. Wengi wenu mnapenda Linux, nami ninaipenda na ninaifundisha. Lakini kwenye programu ya kupigia Ubuntu kuna chaguo la kufuta diski yote, na maana yake ni yote: Windows, partisheni ya mtengenezaji na rikavari vyote huenda. Kuna chaguo la kuikalisha kando ya Windows, na kuna la kugawa kwa mkono. Mwenzako akikuletea laptopu ya mzazi wake, soma ukurasa ule hadi mwisho, na utoe nakala kabla ya kubonyeza.

Na tusiitegemee partisheni peke yake. Oktoba 2025 sasisho moja la Windows 11 lilifanya kibodi na mausi za USB zisifanye kazi ndani ya rikavari, mpaka Microsoft ilipotoa marekebisho tarehe 20 mwezi huo. Kwa mwenye kompyuta ya mezani, rikavari ilikuwepo lakini haikushikika. Diski pia hufa, na ikifa hufa na partisheni zake zote. Kwa hiyo kila mteja anahitaji vitu viwili: rikavari iliyowashwa ndani ya mashine, na flashi ya rikavari iliyowekwa kabatini. Shule inaweza kutumia flashi moja kwa mashine nyingi za aina moja. Mashine za mtumba kutoka nje, ambazo mara nyingi hufika diski zake zikiwa zimefutwa na partisheni ya mtengenezaji haipo tena, ndizo zinazoihitaji zaidi flashi hiyo.

Ninajua haya yote yanaongeza muda, na muda wa fundi ni ugali wake. Basi uwekeeni bei. Andikeni ukutani: kupiga Windows ni kiasi hiki, kupiga Windows pamoja na rikavari iliyokaguliwa na flashi yake ni kiasi kile. Mwelezeni mteja tofauti kwa maneno mepesi: "Mashine ikigoma ukiwa nyumbani, hii itakuwezesha kuirudisha bila kuja mjini." Mzazi wa King'ori au Oldonyo Sambu ataielewa sentensi hiyo mara moja, kwa sababu nauli anaijua. Wapo watakaochagua ya bei ya chini. Angalau watakuwa wamechagua.

Kwa mafundi wakubwa nina neno la pekee. Vijana wengi wa kazi hii hawakupita darasani. Walisimama nyuma ya benchi lako wakaangalia vidole vyako. Ukifuta bila kusoma, vijana watano watafuta bila kusoma, na wao watakuwa na vijana wao. Ukiandika reagentc /info mbele yao kila mara, itakuwa ndiyo desturi ya mji. Chuo cha Ufundi Arusha, VETA na Chuo cha Uhasibu wanaweza kuliweka somo hili kwenye mafunzo yao ya vitendo, na ninawaomba walimu wenzangu wa huko wafanye hivyo. Lakini benchi lako linafundisha leo, kabla mtaala haujabadilishwa.

Ninaomba hatimaye karatasi moja, nusu ukurasa, inayotoka dukani pamoja na mashine. Iandikwe toleo la Windows lililopigwa na kama limewashwa kwa ufunguo wa mashine yenyewe. Iandikwe kama rikavari imewashwa na iko partisheni ya ngapi. Iandikwe kama partisheni ya mtengenezaji ilikuwepo, na nakala yake iko wapi. Iandikwe kama diski imesimbwa, na kwamba mteja ameuona ufunguo wake kwenye akaunti yake. Kisha tarehe na jina la duka. Fundi atakayefuata, awe wewe au mwingine, ataanza kazi akijua alichokikuta, na ugomvi wa "niliikuta hivyo hivyo" utakwisha.

Walimu, wenye ofisi na wazazi mnaosoma barua hii, iombeni karatasi hiyo kabla ya kulipa, na mkipewa, lipeni bei yake bila kunung'unika. Sisi ndio tuliowazoesha mafundi kwamba tunataka haraka na rahisi tu.

Kwa upande wetu, mashine za maabara yetu zitahitaji kupigwa upya likizo ijayo. Tutazipeleka kwa fundi atakayetupa karatasi hiyo kwa kila mashine, awe na duka kubwa mjini au kibanda Tengeru, na nusu saa yake ya ziada imo kwenye bajeti.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa kompyuta, Arumeru